Le Corbeau na Shadow of a Doubt: wazimu unapojificha katika mji mtulivu

Mji ni mdogo. Kuna kanisa, shule, hospitali na posta, na asubuhi watu wanasalimiana kwa majina. Siku moja daktari Rémy Germain anapokea barua isiyo na jina la mwandishi. Inamshtaki kuwa anatembea na bibi ya mwenzake na kwamba anatoa mimba kwa siri. Chini kuna saini moja tu: Kunguru.

Hivyo ndivyo inavyoanza Le Corbeau, sinema ya Mfaransa Henri-Georges Clouzot iliyotoka mwaka wa 1943. Mwaka huohuo, ng'ambo ya bahari, Mwingereza Alfred Hitchcock alitoa Shadow of a Doubt huko Marekani. Dunia ilikuwa vitani, na watazamaji walizoea kumtafuta adui nje ya mipaka. Sinema hizi mbili ziliwaonyesha adui aliyeketi mezani pamoja nao, amevaa vizuri, anapendwa na wote.

Zaidi ya miaka 80 imepita, na zote mbili bado zinatazamwa. Atakayesoma hapa ajue kwamba tutataja miisho yake, kwa sababu bila miisho hiyo somo lake halionekani.

Kisa cha kweli cha Tulle

Hadithi ya Le Corbeau haikutoka hewani. Kati ya mwaka wa 1917 na 1922, mji wa Tulle, katikati ya Ufaransa, ulijaa barua zisizo na jina. Zilifichua siri za ndoa, zilitukana, zilichonganisha majirani na wafanyakazi wa ofisi. Ili kumpata mwandishi, mtaalamu wa uchunguzi Edmond Locard, kutoka Lyon, aliwaandikisha washukiwa imla kwa muda mrefu, mpaka mkono uliochoka ukashindwa kujificha. Aliyehukumiwa mwishoni mwa 1922 alikuwa Angèle Laval, mwanamke aliyewahi kufanya kazi katika ofisi za serikali za mji huo.

Mwandishi Louis Chavance alichukua kisa hicho na kukifanya hadithi ya sinema. Imla nayo imo: wakubwa wa mji wanaketi kwenye viti vya wanafunzi, wanaandika saa baada ya saa maneno yaleyale machafu waliyokuwa wanayasoma kwa siri.

Barua za Kunguru hazisemi uongo mtupu. Ndiyo nguvu yake. Kila barua ina ukweli kidogo, na ule ukweli kidogo unabeba uongo mwingi. Mgonjwa mmoja hospitalini, aliyelala kitanda namba 13, anaandikiwa kwamba ugonjwa wake wa kansa hauponi. Anajikata kwa wembe. Mjini hakuna tena anayeuliza kama barua zina maana. Wanauliza tu ni nani wa kulipa.

Wanamchagua Marie Corbin, muuguzi mkali asiye na mume na asiyependwa. Siku ya mazishi ya yule mgonjwa, umati unaanza kupiga kelele, naye anakimbia peke yake katika barabara tupu, akiwa katika nguo yake nyeusi ya kazi. Clouzot haonyeshi umati ukimfukuza. Tunasikia sauti zake tu, zikikaribia. Muuguzi anatiwa kifungoni. Baadaye, watu wakiwa kanisani, barua nyingine inaanguka kutoka juu. Kunguru bado yuko huru.

Daktari wa wendawazimu

Mtu mmoja hatikisiki wakati huu wote: mzee Vorzet, daktari wa magonjwa ya akili. Ni mcheshi na msomi, anaeleza kwa upole jinsi akili ya mwandishi wa barua kama hizo inavyofanya kazi. Katika tukio linalojulikana kuliko yote ya sinema hiyo, anaisukuma taa inayoning'inia. Mwanga unakwenda na kurudi, uso unaingia gizani na kutoka. Anamuuliza Germain: wema uko wapi na ubaya uko wapi? Germain anataka kuisimamisha taa kwa mkono, anaungua vidole.

Kunguru ni Vorzet mwenyewe. Bibi yake, Laura, kijana kuliko yeye, ndiye aliyeandika barua za kwanza, lakini mzee aligundua, na tangu hapo akawa anampa maneno naye anaandika. Mambo yalipokaribia kufichuka, alimtangaza Laura kuwa mwendawazimu. Germain, mtu mwaminifu, anakubali kutia saini karatasi ya kumpeleka hospitali ya wendawazimu. Gari linamchukua Laura akipiga kelele kwamba hana kosa, na kwa kuwa anapiga kelele, kila mtu anaona kweli ana wazimu.

Hapo ndipo sinema inapouma. Mwenye wazimu ndiye aliyekuwa na mamlaka ya kuamua nani ana wazimu. Hukumu haitoki mahakamani. Mama ya yule mgonjwa wa kitanda namba 13 anamkata Vorzet kwa wembe uleule, kisha anaondoka polepole katika nguo zake nyeusi za kilio.

Ufaransa ilikuwa chini ya jeshi la Wajerumani, na kampuni iliyotengeneza sinema hii, Continental, ilikuwa mali ya Wajerumani. Wakati huo barua nyingi za kuchongea majirani zilikuwa zinafika kwa wakubwa. Gazeti la siri la wapinzani wa Wajerumani liliilaumu sinema kwamba inawachafua Wafaransa. Inchi ilipokombolewa, Le Corbeau ilipigwa marufuku na Clouzot akakatazwa kufanya kazi. Alirudi mwaka wa 1947. Lakini jina lilibaki: mpaka leo kwa Kifaransa, mwandishi wa barua zisizo na jina anaitwa "corbeau".

Mjomba anayependwa

Hitchcock alikwenda Santa Rosa, mji wa kweli katika jimbo la California. Huko anaishi msichana Charlie pamoja na wazazi wake. Amechoshwa na maisha yasiyobadilika, anatamani mjomba wake afike. Wanaitwa jina moja, naye anaamini wanaelewana kuliko watu wengine. Mjomba anafika, na mkono wake haukauki zawadi.

Zawadi ya msichana ni pete. Ndani yake kuna herufi za jina la mtu mwingine. Baadaye mjomba anachana ukurasa wa gazeti la nyumbani, akijifanya anawatengenezea watoto nyumba ya karatasi. Charlie anakimbia kwenye maktaba usiku, anasoma gazeti lilelile: polisi wanatafuta mtu anayeoa ao kuwavutia wajane matajiri, kisha kuwaua. Herufi ni za mmoja wa wajane hao.

Tangu saa hiyo msichana anajua, na kujua kunamfunga. Akisema, mama yake, anayemwabudu ndugu yake huyo, atavunjika moyo. Mjomba anajua hilo, na ndiyo kamba anayomfungia. Hana haja ya kumtisha mbele ya watu. Anatabasamu mezani, anaweka pesa zake katika benki ambapo baba ya Charlie anafanya kazi, anahutubia akina mama wa mji. Wakati huohuo ngazi ya nyuma ya nyumba inakatwa, na moshi wa gari unajaa ndani ya gereji Charlie akiwemo.

Mwishoni, mjomba anataka kumsukuma msichana kutoka ndani ya treni, na ni yeye anayeanguka na kufa. Mji wote unakuja kumzika kwa heshima. Charlie anasimama nje ya kanisa, anasikia sifa hizo.

Mwaka wa 1986 Mmarekani David Lynch alirudia njia hiyo katika Blue Velvet: bustani nzuri, maua mekundu, na sikio la mtu lililotupwa katika majani.

Kinachotuhusu

Mtu anayechezea akili za wenzake hafanikiwi kwa ujanja wake pekee. Vorzet anasaidiwa na mji unaotaka mkosaji haraka, na ukimkosa, unamchukua mwanamke asiye na mtetezi. Mjomba Charlie anasaidiwa na familia inayochunga heshima kuliko ukweli.

Sisi wa Kivu hatuhitaji kueleweshwa sana. Tunajua trakti zinazotupwa usiku, ujumbe wa sauti usio na mwenyewe unaozunguka kwenye WhatsApp, na akina mama wazee waliouawa na umati kwa sababu mtu fulani alinong'ona kuwa ni wachawi. Kunguru wa leo hahitaji posta.

Lakini katika Le Corbeau kila barua ilihitaji mtu wa kuifungua, kuisoma na kumpelekea jirani. Aliyeandika alikuwa mmoja. Waliosambaza walikuwa mji mzima, na hakuna hata mmoja wao aliyehukumiwa.