Mwalimu Mgeni na Jembe la Siku ya Kwanza

WAHENGA walisema kwamba mgeni ni siku mbili, na siku ya tatu apewe jembe. Usemi huo una busara, kwani humpa mgeni nafasi ya kupumzika, kuzijua njia za mji na kuwatambua wenyeji wake kabla ya kushika kazi. Lakini, ndugu msomaji, iko kazi moja katika nchi yetu ambayo mgeni wake hapewi hata hizo siku mbili. Jembe humngoja uwanja wa ndege, na shamba lenyewe limekwisha kulimwa nusu na mtu mwingine. Kazi hiyo ni ya ualimu wa timu ya Simba au ya Yanga.

Usidhani kwamba habari hii ni ya Kariakoo peke yake. Fika Mwandoya, wilayani Meatu, katika Mkoa wa Simiyu ambao ulizaliwa mwaka 2012, sehemu yake kubwa ikitokana na Mkoa wa Shinyanga. Hiyo ni nchi ya pamba na ng'ombe, na kutoka huko hadi Mtaa wa Msimbazi au Jangwani ni safari ndefu ya basi. Hata hivyo, mkulima anayengoja pamba yake ipimwe kwenye mizani atakutajia jina la mwalimu mpya, nchi atokayo na kosa alilolifanya Jumamosi iliyopita. Wewe uliye mjini, mwenye jamaa huko, bila shaka umepata kupigiwa simu ambayo salamu zake zilikwisha upesi na mazungumzo ya mpira yakachukua nafasi yote iliyobaki.

NGOMA MBILI ZA USUKUMA

Tena watu wa Usukuma wanaielewa habari hii kuliko wengi wetu. Kwa vizazi kadhaa wamekuwa na vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu, ambavyo hushindana baada ya mavuno. Vikundi viwili huingia uwanjani kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule ambaye umati umemwendea. Manju aweza kuwa na tungo nzuri na sauti tamu, lakini watazamaji wakihamia upande wa pili, siku yake imekwisha.

Mwalimu wa mpira naye huhukumiwa hivyo hivyo na umati. Iko tofauti moja, nayo ni kubwa. Manju hutunga nyimbo zake mwenyewe na kuwafunza wachezaji aliowachagua. Mwalimu mpya wa mpira aghalabu hukuta wimbo umekwisha kutungwa, wachezaji wamekwisha kusajiliwa na viongozi, na ratiba imekwisha kupangwa. Akija katikati ya msimu, hana ruhusa ya kuongeza mchezaji hata mmoja mpaka dirisha dogo la usajili lifunguliwe. Juu ya hayo, chumba cha wachezaji kina Watanzania, Wakongo, Wazambia na watu wa Afrika Magharibi. Mwalimu hutoa maelezo kwa lugha moja, nayo hupokewa kwa lugha tatu au nne. Juma hili timu iko Mbeya, juma lijalo iko Kigoma, na baada ya hapo yampasa kuivusha mipaka kwenda kucheza mashindano ya Afrika.

SIKU TISINI ZA ROBERTINHO

Tuchukue mfano wa Mbrazili Roberto Oliveira, ambaye wengi walimwita Robertinho. Alijiunga na Simba Januari 2023, na katika msimu huo timu ilifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa wa Afrika, ikatolewa na Wydad ya Morocco kwa mikwaju ya penalti. Tarehe 13 Agosti 2023, huko Tanga, aliishinda Yanga kwa penalti na kutwaa Ngao ya Jamii. Mwezi Oktoba timu yake ilitoka sare mara mbili na Al Ahly ya Misri, 2-2 Dar es Salaam na 1-1 Cairo, ikatolewa kwa kanuni ya mabao ya ugenini.

Ndipo ikaja tarehe 5 Novemba 2023. Yanga iliifunga Simba mabao 5-1. Siku mbili baadaye Robertinho hakuwa na kazi. Tangu furaha ya Tanga hata kufukuzwa hazikufika siku tisini. Kadhalika, wako wazee ambao bado husimulia 5-0 ya Yanga ya mwaka 1968 na 6-0 ya Simba ya mwaka 1977 kana kwamba mpira umekwisha jana. Mwalimu mgeni huirithi kumbukumbu hiyo yote pasipo kuambiwa.

Aliyeshinda siku ile alikuwa Miguel Gamondi wa Argentina. Yeye naye alikuwa na mzigo wa namna nyingine, kwani alimrithi mtu aliyefanikiwa. Nasreddine Nabi wa Tunisia alikuwa ameipatia Yanga ubingwa mara mbili mfululizo na kuifikisha fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika mwaka 2023. Gamondi aliutetea ubingwa na kuifikisha Yanga robo fainali ya Ligi ya Mabingwa mwaka 2024. Msimu uliofuata aliuanza ligi kwa ushindi mfululizo. Kisha, mwanzoni mwa Novemba 2024, alifungwa na Azam 1-0, na siku chache baadaye akafungwa na Tabora United 3-1. Kabla mwezi haujakwisha, naye alikuwa ameachishwa.

JE, SUBIRA HULIPA?

Hapa, ndugu msomaji, yatupasa kusema kweli yote wala si nusu yake. Katika msimu wa 2024/25 Yanga ilifundishwa na walimu watatu: Gamondi, kisha Sead Ramovic, kisha Miloud Hamdi. Pamoja na mabadiliko hayo, ilitwaa ubingwa wa nchi. Simba, kwa upande wake, ilikaa na mwalimu mmoja, Fadlu Davids wa Afrika Kusini, ikashika nafasi ya pili. Mwenye kupenda kufukuza walimu atasema hoja yake imethibitishwa.

Lakini tazama upande wa pili. Msimu huo huo Yanga ilitolewa katika hatua ya makundi ya Afrika, na Simba ya mwalimu mmoja ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho, ambako ilishindwa na RS Berkane ya Morocco kwa jumla ya mabao 3-1. Kwa hiyo, kubadili mwalimu hakuleti maafa kila mara, na kumvumilia hakuleti kombe kila mara. Timu iliyojengwa vema yaweza kumbeba mwalimu mpya kwa miezi michache. Neno ambalo haliwezekani ni kuijenga timu hiyo ikiwa kila mjenzi huondoka kabla ya kufika kwenye linta. Hata baada ya hapo, Mfaransa Romain Folz alianza kazi Yanga katikati ya 2025 na kuondolewa Oktoba mwaka huo huo.

Wewe ni mfanyakazi. Unajua maana ya kukabidhiwa mashine iliyoharibiwa na mwingine, kisha kuulizwa mazao siku ya kwanza. Unajua pia kwamba mzembe hapaswi kulindwa, na mwalimu anayelipwa kwa michango na viingilio vya wananchi hana budi kutoa hesabu. Tunaloomba ni hesabu ya haki. Kabla hujapaza sauti ukitaka mtu aondoke, jiulize: je, wachezaji hawa aliwachagua yeye? Amepata muda gani wa kuwafundisha? Na aliyemwajiri kwa haraka, akamfukuza kwa haraka, ameulizwa nini?

Maswali hayo yafaa kuulizwa nyumbani pia, kwa sauti ya kadiri, maana watoto wapo wanasikiliza. Mtoto anayemsikia baba akitaka mtu afukuzwe kazi kwa sababu ya dakika tisini hujifunza namna ya kuwapima watu, naye hataishia kuwapima walimu wa mpira tu. Siku moja atakuwa mkuu wa kazi mahali fulani, Dar es Salaam au Mwandoya, na mgeni atapiga hodi mlangoni pake.