Istilahi za Kiwewe katika Kazi ya Wasaidizi wa Kujitolea mjini Bujumbura

Mjini Bujumbura, mtu wa kwanza kumsikiliza aliyetendewa jinai mara nyingi si daktari wala polisi. Ni jirani aliyepitia mafunzo ya siku chache: mshauri wa kanisani, mwanachama wa kikundi cha kina mama, au mhudumu wa afya wa mtaa. Makala haya yanaeleza maneno anayokuwa nayo jirani huyo wakati anapomsikiliza mwenzake, na athari za maneno hayo kwa kile kinachofuata. Suala hili limezoeleka kuachiwa wanasaikolojia, ilhali sehemu yake kubwa ni ya lugha.

Historia ya jiji inaeleza kwa nini kazi hii imewaangukia wasio wataalamu. Mauaji ya 1972, vita vilivyoanza baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993, na machafuko ya 2015 yaliacha majeraha katika kila mtaa. Hata Buyenzi na Bwiza, mitaa ya Waswahili iliyosifika kwa mchanganyiko wa watu wake, haikunusurika na umwagaji damu wa Machi 1995. Kwa upande wa tiba, mzigo ulibebwa hasa na kituo cha magonjwa ya akili cha Kamenge, kinachoendeshwa na Mabruda wa Upendo. Kituo kimoja hakiwezi kulitibu taifa zima, na jina lake lenyewe humtisha mtu asiyejiona mwendawazimu.

Ndipo zilipozuka juhudi za kijamii. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, shirika la THARS, lililoanzishwa na mchungaji wa Kikweka David Niyonzima, lilianza kuwafundisha watu wa kawaida kazi ya kusikiliza. Mwaka 2003 ukaanza mpango wa HROC, nao ukiwa na asili ya Kikweka. Warsha yake ya siku tatu huwakutanisha watu wapatao ishirini kutoka pande zilizohasimiana, ambao huchora mti wa kutoaminiana na mti wa kuaminiana, wakitaja mizizi na matunda ya kila mmoja. Baadhi ya washiriki huendelea baadaye kama wenza wa uponyaji katika vijiji na mitaa yao. Mwaka huohuo wa 2003, Madaktari Wasio na Mipaka walifungua mjini Bujumbura kituo cha Seruka kwa ajili ya waliofanyiwa ukatili wa kingono, kikakabidhiwa baadaye kwa shirika la wananchi. Seruka, kwa Kirundi, ni kujitokeza. Kituo kama hicho kilichofunguliwa Gitega kinaitwa Humura, yaani tulia, usiogope. Waliochagua majina hayo walijua kwamba mlango wa hospitali huanza na neno.

Kirundi, kwa hakika, kina hazina ambayo waandishi wa miongozo huipita haraka. Wahudumu wa afya wa jamii huitwa abaremeshakiyago, jina lililoundwa kutokana na kitenzi cha kutia moyo na nomino ya mazungumzo. Lafudhi ya kiofisi ya "wakala wa afya ya jamii", iliyochukuliwa kutoka Kifaransa, haina hata chembe ya maana hiyo. Kwa upande wa maumivu, kuna akabonge, huzuni nzito inayofuata msiba au hasara, na ibisigo, hali ambayo jamii huifungamanisha na mizimu. Hakuna hata moja kati ya hizo inayolingana sawasawa na kile ambacho vitabu vya tiba hukiita kiwewe. Katika Kinyarwanda, lugha pacha ya Kirundi, neno ihahamuka, lenye taswira ya mtu anayehema kwa hofu, lilienea baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 na kuhusishwa na watu wanaopiga mayowe na kuanguka wakati wa kumbukumbu za Aprili. Wataalamu wakaelemea baadaye kwenye ihungabana, lenye dhana ya kutikisika. Badiliko hilo lina busara, kwani kitu kilichotikisika kinaweza kutulia.

Kiswahili cha Bujumbura kinatumia maneno yanayokopwa kutoka pande zote, na hapo pana hatari zaidi. Neno "kiwewe" limekubalika katika maandishi ya kitaalamu, lakini katika matumizi ya kawaida ni mchanganyiko wa akili unaompata mtu ghafla kwa hofu na kupita. Msaidizi anayemwambia mama kwamba ana kiwewe miaka mitatu baada ya tukio huenda akaeleweka vibaya. "Jeraha la nafsi" ni refu zaidi, lakini linabeba muda ndani yake: jeraha hukaa, huuma tena likiguswa, na lina namna ya kupona. "Mwathirika" nalo lilitumika kwa miaka mingi kwa mtu anayeishi na virusi vya ukimwi, kiasi kwamba kumwita hivyo binti aliyebakwa ni kumtangazia jambo jingine kabisa mbele ya majirani.

Tofauti kubwa kuliko zote ni ile ya vitenzi viwili. Magazeti ya Kenya huandika mara kwa mara kwamba mtuhumiwa "alimnajisi" mtoto, yakifuata mgawanyo wa makosa katika sheria ya nchi hiyo ya 2006. Kisheria ni sahihi. Lakini najisi ni uchafu unaohitaji kutoharishwa, na kitenzi hicho kinauweka uchafu huo kwenye mwili wa aliyetendewa. Katika mtaa wa Kiislamu kama Buyenzi, kila mtoto wa madrasa anajua najisi ni nini na huondolewa vipi. Mtu aliyeambiwa kwamba amenajisiwa, jambo la kwanza atakalolitafuta ni maji, na maji hayo hayo huuondoa ushahidi ambao daktari angeweza kuuchukua. Kitenzi "kubaka", sawa na gufata ku nguvu cha Kirundi, kinamwelekea mtendaji na nguvu aliyoitumia. Hakimwachi msikilizaji na swali la usafi wa mtu.

Aibu inayotokana na neno hula muda, na muda hapa una kipimo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72. Msichana anayeficha siku nne kwa sababu ya aibu amekwisha kupoteza kinga hiyo, hata kama msaidizi wa mtaa atafanya kila kitu kingine kwa ustadi.

Lipo pia swali la kama wasaidizi wafundishwe istilahi za kitaalamu kabisa. Jaribio lililochapishwa mwaka 2010 na Peter Yeomans na wenzake, lililofanywa miongoni mwa Warundi wa vijijini, lililinganisha warsha ya upatanisho iliyokuwa na somo kuhusu dalili za kiwewe na warsha ileile bila somo hilo. Kundi lisilofundishwa dalili halikubaki nyuma. Matokeo hayo hayatoshi kuwa sababu ya kufuta mafunzo, lakini yanawapasa wafadhili wanaopima warsha kwa idadi ya dalili zilizokaririwa wafikirie upya. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa na Shirika la Afya Duniani na washirika wake mwaka 2011 nao haumtaki mtoa huduma amshurutishe mtu kusimulia yaliyompata. Unamtaka atazame, asikilize, kisha amuunganishe na msaada.

Kusikiliza huko kunakutana na adabu za mahali. Methali ya Kirundi husema machozi ya mwanamume hutiririkia tumboni, na neno la pole, "ihangane", ni amri ya kuvumilia. Linasemwa kwa upendo, nalo hufunga mazungumzo. Msaidizi mwenye uzoefu hulisema, kisha hubaki ameketi.

Burundi ilipitisha sheria mbili mwaka 2016: ya Juni inayolinda wahanga na mashahidi, na ya 22 Septemba, namba 1/13, dhidi ya ukatili wa kijinsia. Zote zinamhusu msaidizi huyu, lakini Kifaransa cha kisheria hakimfikii. Kwa washauri wa sera, hatua inayowezekana ni faharasa fupi ya Kirundi na Kiswahili inayotungwa pamoja na wasaidizi wenyewe wa Buyenzi, Kamenge na Musaga, ambamo kila neno linaambatana na maelezo ya nani anaweza kuumizwa nalo. Neno "siri" lipewe ukurasa wake. Nyumba za mitaa hiyo zimebanana, watoto husikiliza ukutani, na msaidizi anaweza kuwa shangazi wa mtuhumiwa.

Faharasa hiyo haitamsaidia msaidizi katika jambo moja, nalo ni maumivu yake mwenyewe. Wengi wa wanaosikiliza walipoteza ndugu katika vita vilevile, hawalipwi, na jioni hurudi nyumbani na hadithi za watu. Miradi huwawekea bajeti ya fulana na nauli. Saa mbili kwa mwezi za kukaa na msimamizi anayewasikiliza wao zingegharimu kidogo kuliko fulana hizo.