Nani Aliyefichwa Siri?

Mtu akija kuniomba nimtajie tamthilia ya mafumbo au ya kutisha, kabla sijatamka jina hata moja humwuliza maswali mawili, na humwuliza kwa mkazo zaidi iwapo anatoka Opala, wilaya iliyo kusini-magharibi ya Kisangani kando ya mto Lomami, ambako picha hufika kwa mtumbwi au kwa pikipiki zikiwa zimehifadhiwa ndani ya kadi ndogo ya simu, na ambako betri ya sola ndiyo iamuayo kikao cha usiku kikome saa ngapi. La kwanza ni jepesi: je, mfululizo wote upo, au umeuziwa sehemu sita za hadithi yenye nane? La pili ndilo lenye elimu ndani yake: katika hadithi hiyo, siri amefichwa nani?

Wengi hudhani ya kuwa fumbo na kitisho ni jamaa moja, kwa kuwa vyote viwili hutendeka gizani na vyote viwili huhitaji maiti. Walakini vimetofautiana sana kwa jinsi vinavyogawa maarifa. Katika hadithi ya fumbo mtunzi humnyima mtazamaji jambo ambalo mmoja wa wahusika analijua: muuaji yumo matangani pamoja na wafiwa, analia kuliko mjane, na sisi tunaokodoa macho tunapewa vidokezo haba haba mpaka mpelelezi apende kutufungulia. Katika hadithi ya kutisha mambo aghalabu hugeuka: mtazamaji amekwisha kuoneshwa kilichomo chini ya kitanda, na anayenyimwa ni yule maskini anayezima taa alale. Fumbo huzaa udadisi. Kitisho huzaa huruma iliyochanganyika na hofu, na ndiyo maana watu hupiga makelele ukumbini kumwonya mchezaji asiyeweza kuwasikia.

Wenyeji wa Opala hawana haja ya kuletewa mfano kutoka mbali. Mwaka 2007 watafiti wa wanyama waliopita hapo walimkuta, nyumbani kwa mkuu wa shule ya msingi, kima mchanga ambaye hawakupata kumwona katika kitabu chochote. Wakauliza, wakajibiwa bila mshangao wowote kwamba huyo ni lesula, na kwamba kila mwindaji anamjua. Ulimwengu wa elimu ulitangaziwa habari zake mwaka 2012, akapewa jina la Kilatini la Cercopithecus lomamiensis, na magazeti ya Ulaya yakaandika kana kwamba ameshuka kutoka mbinguni. Siri ilikuwapo, hapana shaka, ila haikuwa siri ya watu wa Lomami. Basi kila tamthilia iliyotungwa kwa ustadi hucheza na pengo la namna hiyo, baina ya anayejua na asiyejua, na tamthilia mbovu ni ile isiyojua pengo lake limekaa wapi.

Katika lugha yetu ya Kiswahili bingwa wa kwanza wa pengo hilo alikuwa Muhammed Said Abdulla wa Unguja, ambaye hadithi yake *Mzimu wa Watu wa Kale* ilishinda katika mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya mwaka 1957 na 1958, kisha ikachapishwa kitabu mwaka 1960. Maiti inaonekana mzimuni, mahali ambapo kila mtu anapaogopa, na woga huohuo ndio unaomfaa mwuaji, kwa kuwa mahali panapoogopwa hapachunguzwi. Mpaka aje mpelelezi Bwana Msa na kiko chake mdomoni, mtu asiyekejeli imani ya watu wala asiyeikubali kuwa ushahidi. Mwaka 1968 mtunzi huyohuyo alitoa *Kisima cha Giningi*, akiazima jina la makao ya wachawi yanayosimuliwa huko Unguja. Ningependa sana kuviona visa hivi vimepigwa picha sehemu baada ya sehemu, kwa ukamilifu na kwa lugha ileile. Na pamoja navyo *Kikosi cha Kisasi* cha Elvis Musiba, ambacho kinampeleka mpelelezi Willy Gamba mpaka Kinshasa, mji ambao watazamaji wetu wangeutambua pasipo kuambiwa.

Huko Kinshasa, hata hivyo, televisheni ilishika njia nyingine. Mwaka 1992 kilitoka Nigeria kisa kiitwacho *Living in Bondage*, kilichouzwa kwa kaseti za video, chenye kijana Andy ambaye kwa uchu wa mali anamtoa mkewe Merit kafara kwa chama cha siri, anatajirika, kisha mzuka wa marehemu unamwandama asipate raha ya mali yake. Mtazamaji hakufichwa kitu: ameiona kafara kwa macho yake. Tamthilia za kienyeji za Kinshasa, ambazo mtaalamu Katrien Pype alizichunguza na kuzitungia kitabu mwaka 2012, hufuata mpango huohuo. Usiku tunaoneshwa shangazi anakwenda kilingeni. Asubuhi tunaoneshwa jamaa wakihangaika kwa nini mtoto haponi, kwa nini biashara imekufa, kwa nini binti haolewi. Mwishoni huja mchungaji, naye kwa ufunuo hujifunza kile ambacho sisi tulikijua tangu sehemu ya kwanza.

Nazipenda tamthilia hizo kwa ujasiri wa wachezaji wake, ambao aghalabu hawana hata jengo la kupigia picha isipokuwa sebule ya jirani, na lugha yao ya Kilingala ina utamu usiopatikana katika tamthilia nyingi za fedha tele. Lakini sizipendekezi bila sharti. Mpango wa kumwonesha mtazamaji mchawi waziwazi humzoesha kuamini ya kuwa nyuma ya kila msiba pana mtu, na kwamba mtu huyo yumo nyumbani; na katika nchi ambayo watoto wengi walifukuzwa kwao kwa kuitwa wachawi, hata ikalazimu sheria ya kuwalinda watoto ya tarehe 10 Januari 2009 iifanye tuhuma hiyo kuwa kosa la jinai, mazoea hayo si mchezo. Mtoto wa kambo aliyekonda, mwenye kukojoa kitandani, akikaa sakafuni pamoja na jamaa zake kutazama kisa ambacho mchawi ni mtoto wa kambo aliyekonda, anatazamwa yeye zaidi ya kioo. Mkiwa na watoto chumbani, wekeni kitu kingine. Filamu ya *Augure* ya Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, iliyotunukiwa zawadi huko Cannes mwaka 2023, imelishika jambo hili kutoka upande wa pili, upande wa anayetuhumiwa. Si tamthilia ya mfululizo, lakini asiyeiona amekosa.

Wala tusidhani ya kuwa kutisha watu kwa kuwaficha sababu ni desturi ya watunzi wa Kiafrika peke yao. Katika misitu ya kaskazini-mashariki ya Kisangani, kwa Wabali na majirani zao, palikuwa na mauaji ya watu waitwao Anioto, waliojifanya chui. Wakoloni wa Kibelgiji walikitia kisa hicho chumvi mpaka kikawa hekaya: Paul Wissaert alichonga sanamu ya mtu mwenye kucha za chuma akimnyemelea aliyelala, ikawekwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, na Hergé akaitumia sura hiyo katika kitabu cha Tintin. Uchunguzi wa baadaye umeonesha kwamba mauaji yale yalikuwa na siasa ndani yake, ugomvi wa mamlaka na wa utiifu katika zama ambazo dola ngeni ilikuwa imewapindua wakubwa wa kienyeji. Sanamu ilionesha kucha tu, ikaacha sababu. Ukizitazama kwa upande wa pili sanamu za ofika za Wambole wa Opala, mabega yamepanda, miguu inaning'inia, uso mweupe wenye umbo la moyo, utaona kitisho cha jamii nyingine kabisa: hao ni walionyongwa kwa hukumu ya chama cha Lilwa, na waliokuwa wakiingizwa chamani walioneshwa sanamu hizo wakiambiwa kosa la kila mmoja. Hofu yenye maelezo hukaa moyoni muda mrefu kuliko hofu ya makelele, na kwa mizani hiyo ndiyo nazipima tamthilia zinazofuata.

Ya kwanza ninayoipendekeza ni *Sakho & Mangane*, ya Senegal, iliyotoka mwaka 2019 katika Canal+, yenye sehemu nane, ikiongozwa na Jean Luc Herbulot, ambaye asili yake ni ng'ambo ya mto, Kongo ya Brazzaville. Maafisa wawili wa polisi wa Dakar, mmoja mzee wa kanuni, mmoja kijana wa vurugu, wanaitwa kwa ajili ya maiti ya mtaalamu Mbelgiji aliyeonekana katika kisiwa kitakatifu cha Walebu. Issaka Sawadogo, anayemcheza Sakho, ana kipaji cha kunyamaza. Hutazama kitu kinachopingana na kanuni zake zote, na uso wake haubadiliki, ila utagundua kwamba amekitazama muda mrefu kupita kiasi. Tamthilia hii haikubali upesi kuwa yaliyotokea ni ya majini, wala haikubali upesi kuwa ni ya binadamu tu, na mtu aliyelelewa katika nyumba ambayo watu huenda hospitali asubuhi na kwa mganga jioni hataona ajabu yoyote katika kusitasita huko. Sehemu za katikati zina mapigano mengi kuliko haja. Vumilieni.

Ya pili ni ya Ufaransa, *Les Revenants*, iliyoanza mwaka 2012, nayo katika msimu wake wa kwanza ina sehemu nane. Katika mji mdogo wa milimani basi la wanafunzi lilianguka. Baada ya miaka minne binti mmoja wa waliokufa, Camille, anapanda barabara kwa miguu, anaingia kwao, na kwenda moja kwa moja kwenye friji kwa kuwa ana njaa. Hana jeraha, hajui kwamba alikufa, na umri wake ni uleule. Mama yake anasimama mlangoni, na badala ya kupiga yowe, anajitahidi kusema maneno ya kawaida, kwa kuchelea kwamba neno lolote lisilo la kawaida litamwondoa tena. Pacha wake Léna amekua bila yeye, na sasa pacha wawili wana umri tofauti. Hapo kitisho chote kimo ndani ya jambo ambalo kila mfiwa ameliomba kwa Mwenyezi Mungu, kisha likakubaliwa. Ilipata tuzo ya Emmy ya kimataifa mwaka 2013, kwa haki. Msimu wa pili, wa mwaka 2015, ulijaribu kueleza yasiyohitaji kuelezwa. Anayetaka kubaki na ladha nzuri aishie wa kwanza.

Kwa wale wa makanisa ya uamsho, ambao ndio watazamaji wakubwa wa visa vya Kinshasa, ninayo *Midnight Mass* ya Mike Flanagan, ya mwaka 2021, sehemu saba, kisa cha kisiwa kilichofukarika ambacho kinapata padri mgeni na pamoja naye miujiza ya kweli, ya kuonekana kwa macho. Sitafichua kinachofuata. Nitasema tu kwamba pana mahubiri marefu ndani yake, na kwamba mtu aliyezoea mchungaji awe ndiye jibu la kila fumbo atajikuta anauliza maswali ambayo hakukusudia.

*Twin Peaks*, ya David Lynch na Mark Frost, haina budi kutajwa, kwa kuwa tangu ilipoanza mwaka 1990 tamthilia nyingi za mafumbo zimekuwa zikiiga kwake. Na pia kwa somo lake la huzuni: watunzi walikuwa na nia ya kuchelewesha jawabu la nani aliyemwua Laura Palmer, wenye televisheni wakashinikiza litolewe, likatolewa katika msimu wa pili, na mwaka 1991 tamthilia ikafa. Wenye pupa ya kujua mwisho hapo wana la kutafakari.

Nimerudia hesabu ya sehemu kwa makusudi. Msimu wa sehemu saba au nane huenea katika kadi moja pasipo kubanwa mpaka sura ziwe vumbi, na huweza kumalizika kabla muuzaji hajaondoka sokoni, ukaweza kumrudishia iliyoharibika. *The X-Files*, iliyoanza mwaka 1993, ni ndefu mno, ila ina fadhila yake, maana visa vyake vingi hujikamilisha katika sehemu moja, na aliyeikosa ya jana hapotei leo. Hali ya *Dark*, ya Ujerumani, ni kinyume chake: misimu mitatu, sehemu 26, watu wale wale katika miaka ya 1953, 1986 na 2019, kiasi kwamba ukikosa moja tu hutajua nani ni baba wa nani. Na hiyo ina hila ya ziada. Msimu wake wa kwanza una sehemu kumi, na vyombo vingi vinavyosoma kadi hupanga majina ya mafaili kwa herufi, sio kwa hesabu, kwa hiyo baada ya faili yenye namba 1 hucheza yenye namba 10, ndipo huja 2. Mtazamaji asiye na habari huoneshwa mwisho akidhani ndio mwendelezo, na katika kisa ambacho watu husafiri nyakati anaweza asishtuke hata kidogo. Kabla ya kuwaita majirani, fungua orodha, uyabadilishe majina: 01, 02, 03, mpaka 10.