Chakula cha msaada chahitaji pia mafunzo ya mapishi

Je, msomaji, ukipewa leo mtama mzima, dengu za njano zilizopasuliwa, mafuta ya kupikia na unga wa mahindi uliochanganywa na soya, bila maelezo yoyote, utapika nini jioni? Wengi wetu tunaoishi mjini tungemuuliza jirani au tungesoma maandishi ya nyuma ya pakiti. Lakini mama aliyetoka bomani na mbuzi wake, akafika Kalemng'orok kando ya barabara ya Kitale kwenda Lodwar kupokea mgao, huenda hakuwahi kukanyaga shule. Maandishi ya pakiti hayamsaidii, na mara nyingi ni ya Kiingereza.

Turkana imepokea chakula cha msaada kwa miongo mingi, hasa wakati wa ukame kama ule wa 1980, wa 2011 na ule ulioanza 2020. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992, na makao ya Kalobeyei yakaongezwa jirani yake mwaka 2016. Humo wamo watu wa Sudan Kusini, Somalia, Ethiopia, Kongo na Burundi, na kila mmoja amekuja na mazoea yake ya jikoni. Aliyezoea muhogo anapewa mtama. Mturkana aliyekuzwa kwa maziwa, damu na nyama anapewa maharagwe, ambayo yanaweza kumaliza kuni za siku nzima kabla hayajaiva.

Usidhani hili ni jambo dogo la ladha tu. Kati ya 2017 na 2018, vijana wa kiume wa Sudan Kusini walioishi Kakuma walianza kulalamika kwa maumivu ya miguu na kuvimba ufizi. Madaktari waligundua kwamba ni kiseyeye, ugonjwa wa ukosefu wa vitamini C ambao wengi wetu tulidhani uliishia kwa mabaharia wa kale. Walipopewa vitamini hiyo walipata nafuu. Sababu kubwa ilikuwa lishe duni isiyo na mboga wala matunda. Lakini mfikirie pia kijana aliyekulia katika nyumba ambamo jiko ni la mama na dada, sasa anaishi na wavulana wenzake. Hata akipata shilingi za kununua mboga, nani amemfundisha kuzipika?

Hapo ndipo kadi ya mapishi yenye picha inapofaa. Wizara ya Afya hapa Kenya imetumia kwa miaka mingi kadi za picha za kuwashauri akina mama kuhusu kunyonyesha na kumlisha mtoto mchanga. Mhudumu wa afya wa kijijini huionyesha kadi, humuuliza mama anaona nini, kisha mazungumzo huanza. Njia hiyo hiyo yaweza kutumika kwa sufuria.

Tuchukue mfano wa uji wa unga wa soya na mahindi. Kosa la kawaida ni kuuongeza maji ili utoshe watu wengi. Tumbo la mtoto ni dogo. Akijaa maji hapati nguvu. Kwa uzani, sehemu moja ya unga huhitaji sehemu tano au sita hivi za maji. Unga ukorogwe kwanza kwa maji baridi kidogo ili usifanye madonge, halafu uchemke kwa dakika tano hadi kumi. Sasa chora hayo bila tarakimu na bila saa ya ukutani! Inabidi uchore kikombe kile kile kinachotumika nyumbani, na kabla ya kuchora upime kwa kikombe hicho, kwa maana kikombe cha unga hakina uzito sawa na kikombe cha maji. Uzito wa uji uonyeshwe kwa kijiko: uji mzuri hudondoka polepole, haumiminiki kama chai.

Maharagwe mekundu yana hatari yake. Yakiliwa kabla ya kuiva, sumu iliyomo ndani yake husababisha kutapika na kuharisha. Yafaa yalowekwe usiku kucha, maji hayo yamwagwe, kisha yachemshwe kwa maji mapya na moto mkali kwa muda usiopungua dakika kumi, ndipo moto upunguzwe hadi yalainike. Picha ya mwezi na jua hueleza usiku kucha vizuri kuliko maneno. Kuloweka pia huokoa kuni, na mama wa Lodwar anayenunua makaa kwa mkebe atakubali hoja hiyo haraka kuliko hoja ya sumu. Ila pale ambapo maji ni ya foleni, kumwambia mtu amwage maji ni kumwambia jambo zito. Kadi ionyeshe maji hayo yakimwagwa shinani mwa mche wa kunde.

Na mboga zenyewe, iwe ni kunde, mchicha au sukuma wiki, zioshwe kabla ya kukatwa, zipikwe muda mfupi kwa maji machache na kifuniko juu. Vitamini C hupotea kwa moto wa muda mrefu na katika maji yanayomwagwa.

Wachoraji wa mjini hufanya makosa ambayo hawayaoni. Mkono uliochorwa bila mwili huweza kuonekana kama mkono uliokatwa. Mshale hauna maana kwa asiyeuzoea. Picha nne zilizopangwa kutoka kushoto kwenda kulia hazifuatwi na mtu ambaye hajawahi kusoma mstari, na msomaji wa Kiarabu huanza kulia. Heri kadi moja kwa tendo moja, zifungwe kwa kamba. Sufuria iwe ya mafiga matatu, si ya jiko la gesi. Katika picha zinazolengwa vijana, mpishi awe mwanamume.

Niseme wazi kwamba kadi haiongezi chakula. Mgao wa Kakuma umepunguzwa mara kadhaa katika miaka ya karibuni, na sufuria tupu haina mapishi. Tangu 2015, mpango wa Bamba Chakula uliwapa wakimbizi sehemu ya msaada kama pesa kwenye simu za kununulia kwa wafanyabiashara waliosajiliwa. Mtu akichagua mwenyewe, hapo ujuzi wa kupika una kazi zaidi.

Kama kanisa au chama chako hugawa vyakula mtaani, jaribu kadi kabla ya kuchapisha nyingi. Mpe mtu asiyeijua, usimweleze lolote, mwombe apike mbele yako. Pale atakaposita, chora upya.