Istilahi za Mahakama na Bunge katika Kiswahili cha Masisi na Walikale

Katika wilaya za Masisi na Walikale, mkoani Kivu Kaskazini, sheria huandikwa kwa Kifaransa, ilhali wanaohukumiwa kwayo huzungumza Kihunde, Kinyanga, Kinyarwanda na lugha nyinginezo, na mara nyingi Kiswahili ndicho kinachowakutanisha na jaji. Kifungu cha 18 cha Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya mwaka 2006 kinataka mtu aliyekamatwa aelezwe mara moja sababu za kukamatwa kwake kwa lugha anayoielewa, na kifungu cha 142 kinaiagiza serikali isambaze sheria kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwemo, ndani ya siku 60 tangu kutangazwa kwake.

Ugumu wa kutimiza agizo hilo unatokana na historia. Istilahi zilizozoeleka Dar es Salaam na Nairobi zilikomaa chini ya sheria yenye asili ya Uingereza, ilhali Kongo ilirithi kwa Ubelgiji utaratibu uliochotwa Ufaransa. Ofisi iitwayo “parquet”, ambayo wananchi huitamka parke, hutafsiriwa upesi kuwa ofisi ya mwendesha mashtaka, lakini ofisa wake hufanya zaidi ya kushtaki: hupeleleza, huhoji, na kwa mujibu wa dekreti ya 6 Agosti 1959 aweza kumweka mshukiwa kizuizini kwa hati yake mwenyewe kwa siku 5, ukiongezwa muda wa safari pale jaji anapokuwa mbali, kabla jaji hajaamua kama kizuizi kiendelee kwa siku 15 na baadaye mwezi baada ya mwezi. Mtu wa Walikale asiyeelezwa hayo hawezi kujua ni nani aliyemfunga wala ni lini ana haki ya kufikishwa mbele ya jaji.

Neno rufaa nalo hubebeshwa mizigo mitatu. “Appel” ni rufaa yenyewe, yaani kesi kusikilizwa upya na mahakama ya juu. “Opposition” ni pingamizi la mtu aliyehukumiwa bila kuwepo, naye hurudi mbele ya mahakama ileile. Na “pourvoi en cassation” humfikisha mlalamikaji kwenye Mahakama ya Kasasyo, ambayo huchunguza kama sheria ilifuatwa bila kuanza upya kupima ushahidi. Kila njia ina muda wake, na anayechanganya njia hizo aweza kupoteza haki yake.

Istilahi ya “partie civile” humtaja mwathiriwa anayejiunga na kesi ya jinai ili adai fidia humohumo, bila kufungua kesi nyingine ya madai. Ilikuwa na uzito mkubwa katika kesi ya Ntabo Ntaberi Sheka, kiongozi wa wanamgambo wa Walikale, aliyehukumiwa kifungo cha maisha mjini Goma tarehe 23 Novemba 2020 kwa uhalifu wa kivita, ukiwemo ubakaji wa halaiki wa mwaka 2010. Kumwita mwathiriwa wa aina hiyo shahidi tu ni kumnyang'anya nafasi yake ya mdai.

Bungeni, muswada unaotoka serikalini huitwa “projet de loi” na ule wa mbunge au seneta “proposition de loi”. Vilevile “motion de censure” huiangusha serikali nzima na huhitaji saini za robo ya wabunge, ilhali “motion de défiance” humlenga waziri mmoja kwa saini za sehemu moja ya kumi. Zote mbili zikiitwa hoja ya kutokuwa na imani, msikilizaji wa redio hawezi kujua ni nani atakayeondoka.

Njia moja ya kuondoa mkanganyiko huo ni kuazima jina, kama walivyofanya Warusi: Petro Mkuu alipounda ofisi ya waendesha mashtaka mwaka 1722, taasisi iliingia pamoja na jina la kigeni, prokuror, nalo likabaki. Kwa Kiswahili cha Kivu, kanuni inayofaa ni kuazima jina la chombo kisicho na mfano wake katika sheria za Dar es Salaam na Nairobi, kama parke na kasasyo, kisha kutafsiri kwa maneno ya kawaida kila tendo la chombo hicho, akitajwa anayelitenda, anayetendewa na siku alizonazo za kujibu.