Bingwa wa milima mikavu: rekodi za mtarakwa na majirani zake

Mulekera, upande wa Beni, mvua haina uchoyo, na msitu wake ni wa majani mapana. Jamaa wa mtarakwa ambaye mkazi wa Beni au Butembo hukutana naye njiani ni sipresi, mti wa Meksiko na Amerika ya Kati uliopandwa kwenye milima mingi ya Afrika. Mtarakwa wenyewe, Juniperus procera kwa wanasayansi, hupenda milima yenye kiangazi kirefu, na huko ndiko ulikojizolea rekodi.

Uliofika kusini kuliko wote. Ukoo wa Juniperus una aina zaidi ya 50 duniani, zote huishia kaskazini mwa ikweta isipokuwa mtarakwa. Unaota tangu milima ya Saudia na Yemeni, ukishuka Ethiopia, Kenya na Tanzania hadi Nyika, Malawi, na milima ya Zimbabwe.

Mrefu kupita karibu ndugu zake wote. Penye udongo mzuri hufika mita 40. Penye mawe huwa mfupi, umepinda. Gome lake huchanika nyuzi ndefu, na matawini huning'inia ndevu za kijivu zinazoishi kwa kunywa ukungu.

Wanaoishi juu zaidi. Ndugu yake wa Tibet anaota hadi karibu mita 4,900. Waswahili wa Maskati wanaokimbilia milima ya Jabal Akhdar joto linapozidi humkuta ndugu mwingine huko, juu ya mita 2,000.

Msitu mpana. Kirisia, karibu na Maralal katika nchi ya Wasamburu, una zaidi ya hekta 90,000. Mitarakwa na mizeituni mwitu ndiyo wenyeji wakuu.

Jirani mwenye sumu kali. Mti wa msunguti umewapa wawindaji sumu ya mishale tangu kale. Panya mmoja mwenye manyoya marefu, Lophiomys imhausi, hutafuna gome lake, kisha hujipaka mate yenye sumu kwenye manyoya maalumu ya ubavuni. Mbwa akimng'ata, anaweza kufa. Watafiti walieleza jambo hilo mwaka 2011.

Jirani mwenye harufu nzuri. Majani ya kichaka cha leleshwa yananukia kama kafuri, na morani wa Kimaasai huyabana kwapani.

Mbao isiyoliwa na mchwa. Nguzo za mtarakwa hudumu ardhini miaka mingi, kwa hiyo mashamba mengi ya Kenya yalizungushiwa nguzo hizo. Mbao zake laini zilichongwa penseli.

Msitu uliokaribia kwisha. Katika msitu wa Day, Djibouti, mitarakwa mingi imekufa ikiwa imesimama. Kwale wa Djibouti, asiyepatikana nje ya nchi hiyo, anautegemea msitu huo, naye yumo katika orodha ya ndege walio hatarini kabisa.

Rekodi za mtarakwa zina sharti moja. Mche wa mtarakwa haukui kivulini mwa mama yake. Unataka mwanga, hivyo huchipuka palipoungua au palipo wazi. Mbuzi wakiingia mapema, kizazi kipya kinaishia midomoni mwao. Na mvua ikiwa nyingi, miti ya majani mapana hukua haraka na kuufunika. Bingwa huyu angeletwa Mulekera, kivuli kingemshinda kabla ya shoka.