Pango la Amboni Halifiki Mombasa

Wanaotembeza wageni pale Amboni, Tanga, wana hadithi moja isiyozeeka. Wazungu wawili waliingia pangoni na mbwa wao, wasionekane tena. Mbwa akaja kuibukia karibu na Kilimanjaro. Wengine husema njia hiyo hutokea Mombasa. Hadithi tamu, lakini baina ya Tanga na Mombasa pana zaidi ya kilomita 120, hata kunguru akikata moja kwa moja, na watafiti wa Kijerumani na Kituruki waliopima mapango hayo mwaka 1994 walikuta refu kuliko yote lina mita 900 tu. Mtu wa Kinango, nyuma ya pwani ya Kenya, ana sababu yake mwenyewe ya kuitilia shaka hadithi hii, kwa kuwa ushahidi anaukanyaga kila siku.

Pango la namna hii halikuchimbwa na mtu wala halikupasuliwa na tetemeko. Liliyeyushwa. Mvua huchukua kaboni dioksaidi angani, kisha ikipenya udongo wenye mizizi na majani yaliyooza huchukua nyingine nyingi zaidi, mpaka maji yakawa na asidi kidogo. Asidi hiyo haimdhuru anayeyanywa, ila ikikutana na jiwe la chokaa hulila polepole. Ufa hupanuka ukawa mfereji, mfereji ukawa ukumbi, na muda wote huo ukumbi umejaa maji pomoni. Anayekuja kuyaondoa ni mto. Amboni kazi hiyo ilifanywa na Mkulumuzi: kadiri ulivyokata korongo lake kwenda chini, maji ya ardhini nayo yalishuka, vyumba vya juu vikabaki vikavu na milango yake wazi kwenye kuta za korongo. Ndiyo maana mwenye kutafuta mapango hufuata mto. Baada ya hapo maji hurudisha kidogo yalichochukua: tone likining'inia darini hupoteza hewa yake, huacha chembe ya chokaa, na chembe juu ya chembe hutoa ile michongoko ambayo wageni hupenda kuishika. Hukua kwa sehemu ndogo ya milimita kwa mwaka, basi aliyevunja kipande cha urefu wa kidole ameharibu kazi ya karne nyingi.

Chokaa ya Amboni ililala baharini karibu miaka milioni 170 iliyopita, wakati Madagaska ilipokuwa inaachana na Afrika na bahari ya kina kifupi ikaingia katikati. Chokaa ya rika hilohilo iko Kenya, nyuma ya pwani ya Kilifi, ambako wanajiolojia huiita chokaa ya Kambe. Pango la Panga ya Saidi liko humo, na ndimo kulimopatikana kaburi la mtoto wa miaka kama mitatu aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita. Habari zake zilitangazwa mwaka 2021. Mkanda huo hufika mpaka Mto Mwache, ukingoni mwa Kinango. Kusini ya hapo huonekana kwa shida: umekatwa na mipasuko ya ardhi na kufunikwa na mawe mengine. Maji hayawezi kuyeyusha njia mahali ambapo chokaa yenyewe haipo.

Sehemu kubwa ya Kinango ni mawe ya mchanga, ambayo wanajiolojia wameyapa jina la Waduruma, wenyeji wa hapa, kuanzia Taru, Maji ya Chumvi na Mariakani hadi Mazeras. Chembe zake nyingi ni za kwatzi, na asidi ya mvua haina ubavu wa kuziyeyusha. Jiwe hili hubomoka, hupasuka, hutoboka juu juu. Ngurunga za Taru, yale mashimo ya mwambani yanayohifadhi maji ya mvua, ziliokoa misafara mingi kabla ya reli. Ni hazina, lakini huwezi kuingia humo ukatokea kwingine.

Msomaji atauliza: na Shimoni je? Na mapango ya Fikirini? Hayo yako pwani, kusini ya Mombasa, kwenye matumbawe ya zamani, ya miaka kama 125,000, bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Ni chokaa pia, ila changa mno, na dari zake ni nyembamba. Pale Shimoni mwanga hushuka kupitia matundu ya juu.

Anayetaka kutembea pangoni hasa, basi, avuke mpaka wa Lunga Lunga na Horohoro aende Tanga, wakati wa kaskazi. Masika mwamba huteleza na mto haueleweki. Mwongozaji ni lazima, na tochi mbili ni bora kuliko moja. Popo waachwe walale: mwaka 2008 mtalii Mholanzi aliyeingia pango la popo katika msitu wa Maramagambo, Uganda, alipata virusi vya Marburg akafa. Mahali pa mzimu, ambapo watu huacha sadaka zao, usiguse kitu. Na ukipendelea kubaki Kinango kuitazama chokaa ya Mwache, pita kwanza kwa wazee, kwani misitu mitakatifu ya kaya za Waduruma, Gandini na Mtswakara, imo katika orodha ya UNESCO tangu 2008, na msitu wa kaya hauingiwi kwa mazoea.